Tuache Kumlaumu Mama wa Turkana

Kila ugonjwa wa hidatidi unapozungumzwa hadharani nchini Kenya, kauli mbili hufuatana. Ya kwanza ni kwamba Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Hiyo ni kweli. Ya pili ni kwamba chanzo chake ni jamii kukosa uelewa: wafugaji wanalala na mbwa, kina mama wanawaacha mbwa wawarambe watoto, watu hawanawi mikono. Ukishaikubali hiyo ya pili, tiba yake unaijua kabla hujatajiwa: hamasisho. Hema linapigwa, watu wanaitwa chini ya mti, mgeni anaeleza habari za minyoo, fulana zinagawiwa, gari linarudi Lodwar kabla ya giza kuingia.

Naipinga kauli hiyo ya pili. Siipingi kwa kudharau elimu. Naipinga kwa sababu imekalia kiti cha kazi nyingine ambayo haifanywi, na kwa sababu inamtwika mwanamke asiye na maji wala pesa mzigo ambao serikali yenye bajeti imeukwepa. Ugonjwa huu hauzuiwi kwa maneno. Unazuiwa kwa kidonge anachopewa mbwa kila baada ya wiki kadhaa, na kwa shimo linalofukiwa machinjioni. Nchi zilizoushinda zilifanya hivyo, na baadhi yao zilikwisha kujaribu maneno kwa miaka mingi bila mafanikio.

Tuanze na mnyoo mwenyewe, maana hoja yote imo katika maisha yake. Ni tegu mdogo mno, urefu wake milimita 3 hadi 6, tofauti kabisa na yule tegu mrefu wa nyama ya ng'ombe ambaye watu wengi wanamfahamu. Anaishi kwenye utumbo mwembamba wa mbwa. Mbwa mmoja anaweza kuwa na maelfu na bado akakimbia, akabweka na kunenepa kama kawaida. Mayai yake hutoka na kinyesi, na hayaonekani kwa macho. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia huyala pamoja na majani, au huyanywa na maji. Tumboni mayai huanguliwa, kiluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini au mapafu, na hapo hujenga kifuko cha maji. Ndani ya kifuko hicho huzaliwa vichwa vingi vidogo vya mategu. Mnyama akichinjwa na ini lake likatupiwa mbwa, kila kichwa kinaweza kuwa tegu mzima, na baada ya takriban wiki sita mbwa huyo anaanza kutoa mayai.

Mwanadamu huingia njiani kwa bahati mbaya. Akimeza mayai, humpata lile lile linalompata mbuzi. Katika wagonjwa kumi, saba hivi hupata kifuko kwenye ini, na wawili kwenye mapafu. Kifuko hukua polepole, mara nyingi kwa miaka, bila maumivu, hata tumbo likajaa lita kadhaa za maji. Kikipasuka kwa kuanguka au kwa pigo, maji yake yanaweza kumuua mtu papo hapo kwa mshtuko wa mzio, au yakatapanya mbegu za vifuko vipya tumboni mwote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote kuna zaidi ya watu milioni 1 wanaoishi na magonjwa ya mategu wa jamii hii, na limeyaweka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa.

Sasa tazama mzunguko huo vizuri. Mayai hutoka kwa mbwa. Mbwa huambukizwa na nyama ya ndani ya mnyama aliyechinjwa. Kuna mahali pawili ambapo mkono wa binadamu unaweza kuukata kwa uhakika: tumboni mwa mbwa, na pale ini linapotupwa. Kinywa cha mtoto ni mahali pa tatu, na ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu mayai yako kwenye manyoya ya mbwa, kwenye vumbi, kwenye maji, kwenye mikono ya kila mtu. Ajabu ni kwamba kampeni zetu zimechagua hapo pa tatu. Tunamwachia mbwa mategu wake, tunaliacha ini litupwe, kisha tunamwambia mama asimame kati ya mamilioni ya mayai yasiyoonekana na mdomo wa mwanawe anayetambaa.

Habari za Turkana zimejulikana kwa miongo mingi. Takwimu zilizochapishwa mwaka 1982 zilionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa eneo hilo walipatikana wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwingineko. Watafiti kama Calum Macpherson na Eberhard Zeyhle wa Amref walipopeleka mashine za ultrasaundi hadi kwenye kambi za wafugaji katika miaka ya 1980, walikuta zaidi ya watu 5 katika kila 100 wana vifuko, wengi wao wakiwa hawajui. Kazi hiyo ni fahari ya Kenya ambayo haitajwi inavyostahili: ultrasaundi ya kupima umma mzima porini, kwa ugonjwa huu, ilipata misingi yake kwa kiasi kikubwa huko Turkana, na leo dunia nzima inaitumia.

Katika vipimo hivyo wanawake walionekana kuathirika zaidi ya wanaume. Hapo ndipo lawama ilipopata makao. Maandishi ya enzi hizo yalieleza kwa kirefu jinsi mbwa anavyofunzwa kukaa na mtoto mchanga na kumsafisha kwa ulimi akitapika au akiharisha. Maelezo hayo hayakuwa uongo. Lakini yalipofika kwenye semina na magazeti yalipoteza nusu yake. Ilibaki picha ya mbwa na mtoto. Ikaondoka picha ya mama mwenye mtungi mmoja wa maji kwa siku, aliyeyachimba kwenye mchanga wa laga iliyokauka na kuyabeba kichwani juani, maji yanayopaswa kutosha kupikia, kunywa, na kumnyweshea mwanambuzi mgonjwa. Mbwa yule alikuwa anafanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na maji. Anayemwambia mama huyo aache kumtumia mbwa, na asimwambie maji ya kumwogeshea mtoto yatatoka wapi, amempa aibu tu.

Na kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini wanawake huumia zaidi, nalo halihusu mila hata kidogo. Mayai ya tegu huyu hayastahimili joto na ukavu. Utafiti uliofanywa huko huko Turkana ulionyesha kwamba kwenye ardhi iliyo wazi, jua kali huyaua haraka sana, ila ndani ya kivuli cha nyumba na kwenye unyevu wa kando ya visima huishi muda mrefu zaidi. Sasa nani hushinda ndani ya kivuli cha nyumba? Nani huinama kisimani kila siku, akichota kwa kibuyu pale pale mbwa wenye kiu wanapokuja kunywa na kujisaidia? Mwanamume akiwa malishoni na ngamia yuko juani, mahali ambapo mayai hufa. Mke wake yuko pale mayai yanapoishi. Hakuambukizwa kwa kuwa mjinga. Aliambukizwa kazini.

Wanaotetea hamasisho wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Wanasema: mfugaji anaviona vifuko kwenye ini la mbuzi, anajua ni uchafu, ndiyo maana anamtupia mbwa. Hajui kwamba hapo hapo amepanda ugonjwa, kwa sababu tegu ni mdogo na mayai hayaonekani. Uhusiano kati ya ini, mbwa na tumbo la mwanawe hauwezi kugunduliwa kwa macho. Ni lazima mtu afundishwe. Hilo ni sahihi kabisa. Kipande hiki cha elimu kina thamani, na kinaweza kutolewa kwa nusu saa: ini lenye maji litie motoni, usimpe mbwa. Mfugaji anayechoma nyama yake juu ya makaa anaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote.

Tatizo ni yale yanayoaminiwa baada ya nusu saa hiyo. Inadhaniwa kwamba mtu akishajua, kazi imekwisha, au imebaki yake mwenyewe. Mbwa wa Turkana hasubiri kutupiwa. Mbuzi hufa malishoni kwa ukame na mizoga hubaki ilipoangukia. Katika ukame mkubwa, mifugo hufa kwa maelfu, na hakuna mfugaji aliyedhoofika kwa njaa atakayechimba kaburi la kila mzoga kwenye ardhi ngumu kama saruji. Fisi, bweha na mbwa hula pamoja. Ukimfundisha kila mtu katika kaunti nzima, mizoga ile itabaki pale pale, na mbwa watakuwa na mategu yale yale. Mbwa hahudhurii baraza.

New Zealand iliyapitia haya yote kabla yetu. Ilikuwa nchi ya kondoo na mbwa wa kuchungia, watu wake wamesoma, wana redio, magazeti na shule kila kijiji. Mpasuaji Louis Barnett, aliyekuwa profesa huko Dunedin, alipiga kelele juu ya hidatidi kwa miaka mingi ya maisha yake. Kuanzia miaka ya 1930 serikali iliingia kwenye kampeni: vijitabu, mihadhara, mafundisho shuleni, makatazo ya kumpa mbwa nyama mbichi ya ndani. Wenye mbwa walipewa hata vidonge vya arekolini, dawa ya kuharisha ya wakati huo, wakaachiwa wampe mbwa wenyewe nyumbani. Wakulima wale waliujua mzunguko wa tegu pengine kuliko mkulima yeyote duniani. Na bado, kwa zaidi ya miaka 20, watu waliendelea kulazwa na kupasuliwa.

Kilichobadilika ni sheria ya mwaka 1959. Liliundwa baraza la taifa la hidatidi, likapewa pesa kutokana na ada ya mbwa, na maofisa wake wakaacha kutegemea ahadi za watu. Mbwa waliletwa mahali palipopangwa kwa zamu, wakafungwa kwenye mstari, wakapewa arekolini mbele ya ofisa, na kinyesi chao kikachunguzwa. Baadaye prazikwanteli ilipopatikana, dawa inayowaua mategu kwa dozi moja, mbwa walipewa kila wiki sita. Mwaka 2002 nchi hiyo ilitangaza kwa masharti kwamba haina tena ugonjwa huo. Tasmania, iliyoanza kazi kama hiyo katikati ya miaka ya 1960 na kuyawekea karantini mashamba yenye mbwa walioambukizwa, ilitoa tangazo lake mwaka 1996. Wananchi wa vijijini wa Tasmania walishiriki kwa moyo wote, na elimu iliwasaidia kukubali usumbufu ule. Ila iliwasaidia kukubali kitu kilichokuwepo: ofisa, dawa, ratiba, adhabu.

Hapo mpinzani wangu huitaja Iceland, naye ana haki ya kuitaja. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kisiwani humo, akapasua mbwa na kukuta zaidi ya robo yao wana tegu huyu. Aliandika kijitabu kilichosambazwa bure katika kila nyumba. Watu wa Iceland walijua kusoma, majira yao ya baridi ni marefu na vitabu vilikuwa vichache. Kijitabu kile kilisomwa. Katika miongo iliyofuata ugonjwa ulipungua hadi ukatoweka. Ndiyo hadithi ipendwayo na kila mtu anayeuza elimu kwa umma: kijitabu kimoja kiliokoa taifa.

Lakini kijitabu hakikusafiri peke yake. Mwaka 1869 ilipitishwa sheria ya kudhibiti mbwa na kuamuru viungo vyenye vifuko viharibiwe, na sheria ya mwaka 1890 ikaimarisha hatua hizo, pamoja na kuwapa mbwa dawa. Wakati huo huo ufugaji wenyewe ulikuwa unabadilika. Zamani kondoo jike aliwekwa miaka mingi kwa ajili ya maziwa, akazeeka na vifuko vyake vikakomaa. Mwishoni mwa karne ya 19 kondoo walianza kuuzwa hai Uingereza, na baadaye wana-kondoo wakachinjwa wakiwa wachanga, kabla kifuko hakijawa na kitu cha kumpa mbwa. Kisha machinjio ya kisasa yakajengwa na nyama ya ndani ikatoka uani kwa mkulima. Mwaka 1924 Reykjavík ilipiga marufuku ufugaji wa mbwa mjini. Ondoa yote hayo, ubaki na kijitabu, halafu uniambie kama bado unaamini. Na hata tukikubali kwamba Krabbe alifanya zaidi ya nusu ya kazi, tukumbuke mkulima wa Iceland alikuwa na kijito mlangoni, mbwa wachache wanaojulikana kwa majina, na shimo lililochimbwa mara moja likatumika miaka mingi, kwa sababu hakuhama.

Wapo wengine, wakali zaidi, wanaoona jibu ni kuwaua mbwa wote. Rai hii hutolewa na watu ambao hawajalala kwenye boma ambalo fisi anazunguka nje. Kwa mfugaji wa Turkana mbwa ni mlinzi wa mifugo na wa watoto, na hutoa taarifa mapema wavamizi wanapokaribia. Kupunguza mbwa wasio na mwenyewe na kuwafunga uzazi majike ni jambo la busara, na likifanywa kwa makubaliano hukubalika. Kuwaua ovyo ovyo huleta matokeo mawili tu: watu huwaficha mbwa wao siku ya ofisa kuja, na miezi michache baadaye watoto wa mbwa wanachukua nafasi ya waliokufa. Baada ya hapo hata anayeleta dawa hataaminiwa.

Kinachotakiwa kwa mbwa si siri wala si ghali. Prazikwanteli hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 100 basi, ndani ya kipande cha nyama. Dawa huua mategu yote aliyo nayo siku hiyo, ila haimkingi kesho. Kwa kuwa huchukua takriban wiki sita tangu mbwa ale ini hadi aanze kutoa mayai, mbwa anayepewa dawa kila wiki sita hapati nafasi ya kumwambukiza mtu yeyote. Hata akipewa mara nne kwa mwaka, mayai yanayoingia kwenye mazingira hupungua mno. Katika hesabu hii yote hakuna mahali ambapo mafanikio yanategemea mama anawe mikono. Ndiyo maana naipenda. Inamlinda aliyesikia hotuba na yule ambaye hakuisikia, mzee kiziwi na mtoto wa miezi minane.

Kazi iliyoanza mwaka 1983 kaskazini-magharibi mwa Turkana, upande wa Lokichoggio, ilikwenda kwa njia hii: mbwa walitibiwa, wasio na kazi wakapunguzwa, watu wakapimwa kwa ultrasaundi na wagonjwa wakapelekwa kupasuliwa, na elimu ikatembea pamoja na hayo. Vipimo vya miaka ya 2010 vilikuta ugonjwa umepungua ukilinganisha na miaka ya 1980. Haukwisha. Ni eneo kubwa, watu wanahama, mipaka ya Sudan Kusini, Uganda na Ethiopia iko wazi kwa mbwa na mbuzi, na pesa zilitoka kwa wafadhili, zikija na kukatika. Dawa ikikosekana miezi miwili, mbwa amesharudi alipokuwa. Hamasisho hudumu kwenye ripoti hata likifanywa mara moja kwa mwaka. Kidonge hakina huruma hiyo, kinadai ratiba. Nadhani hiyo ndiyo sababu halisi ya hamasisho kupendwa.

Tusijidanganye pia kwamba ugonjwa ni wa Turkana pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanyama waliochinjwa wilayani Ngorongoro, Tanzania, ulikuta vifuko kwa karibu nusu ya ng'ombe na zaidi ya nusu ya kondoo. Miaka michache baadaye, uchunguzi katika machinjio ya Umasaini upande wa Kenya ulikuta takriban robo ya ng'ombe wameathirika. Nyanda hizo ndiko ng'ombe wengi wa Nairobi na Arusha wanakotoka. Mkazi wa mji anayekula nyama choma haambukizwi na nyama ile, hilo lieleweke. Lakini mbwa wanaozunguka nyuma ya machinjio ya mjini hula kile kinachotupwa, kisha hulala kwenye vibaraza na kupita kwenye bustani za sukumawiki.

Na ni nini kinachotupwa? Mkaguzi wa nyama hukata ini, huona vifuko, hulihukumu kuwa halifai. Sheria ya Kenya ya kudhibiti nyama, Sura ya 356, imekuwepo tangu miaka ya 1970, na nyama iliyokataliwa inapaswa kuharibiwa. Mkaguzi huyo ana elimu. Amesomea chuoni, ana cheti, ana koti jeupe na muhuri. Asichokuwa nacho katika vichinjio vingi vya miji midogo ni shimo lenye mfuniko, tanuri la kuchomea, na uzio usiopitisha mbwa. Ini linatoka mkononi mwake, linaangukia kwenye rundo nyuma ya banda, na mbwa wameshaizoea saa yake. Mtu mwenye diploma ya ukaguzi wa nyama anashindwa kuukata mzunguko huu kwa kukosa uzio. Kwa mantiki ipi basi tunamtaka mama asiye na diploma wala uzio aukate?

Ikiwa kuna mahali ambapo uelewa unakosekana kweli, tuutafute juu, si chini. Kifuko kwenye pafu huweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu au saratani katika hospitali ambayo haijakizoea, na daktari asiyekishuku anaweza kukichoma sindano bila maandalizi na kumwaga maji yake tumboni mwa mgonjwa. Siku hizi vifuko vingine hutibiwa kwa albendazoli kwa miezi, vingine hufyonzwa kwa sindano kwa uangalizi maalumu, vingine vinahitaji kisu, na vingine vilivyokufa vyenyewe huachwa. Uamuzi huo unahitaji ultrasaundi na mtu anayejua kuisoma. Kumwambia mwanamke wa Kibish kwamba uvimbe wake huenda ni hidatidi, bila mashine ya kumpimia karibu wala nauli ya kumfikisha Lodwar, ni kumwongezea hofu juu ya maradhi.

Uelewa mwingine unaokosekana uko kwenye kumbi za bajeti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za afya, huduma za mifugo, machinjio ya kaunti, na hata utoaji wa leseni za mbwa. Mara chache sana katiba ya nchi hukusanya mzunguko mzima wa mnyoo mmoja chini ya ofisi moja. Gavana wa Turkana anasimamia hospitali anakopasuliwa mgonjwa, ofisa anayeweza kumpa mbwa kidonge, na kichinjio ambako mbwa huyo huambukizwa. Na Turkana ni miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa kutoka hazina ya taifa. Hakuna haja ya kusubiri ufadhili kutoka ng'ambo ili mbwa apewe dawa, wala ya kusubiri jamii ibadilike.

Wala kazi hii haianzii sifuri. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kinachosababisha vifo vya watu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa kwa wingi. Siku mbwa anaposhikwa achomwe chanjo, apewe prazikwanteli hapo hapo. Mtu wa kumshika ameshalipwa na gari limeshafika. Chanjo ni mara moja kwa mwaka, kwa hiyo zamu zilizobaki zitahitaji watu wao, nao wapo: vijana wa kambi wanaohama na mifugo, waliokwisha kufunzwa kuwatibu mbuzi. Kwa upande wa mifugo ipo chanjo ya EG95, iliyobuniwa na wanasayansi wa Australia na New Zealand na inayotumika Argentina na China. Nayo ingewalinda wana-kondoo na wana-mbuzi wetu kama mtu angeiagiza.

Niko tayari kuyasikia mahubiri ya unawaji mikono mahali ambapo bomba limefika. Turkana, kabla ya baraza jingine lolote kuitishwa, nataka kuona mambo manne kwenye kitabu cha bajeti ya kaunti, kila moja na kiasi chake cha shilingi: prazikwanteli ya kutosha mbwa wote waliohesabiwa kwa zamu nne au zaidi, posho ya wanaoipeleka, uzio na shimo katika kila kichinjio chenye leseni, na ultrasaundi inayotembea pamoja na mtu wa kuisoma. Baraza litakaloitishwa baada ya hapo litakuwa na la kusema: leteni mbwa Jumamosi, dawa ipo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na zamu ya kwanza ya dawa inaweza kuanza mwezi huo huo.